Nyota Moja ya Korongo

Kazi yangu ni kukaa kwenye banda la gemu pale Mkuyuni. Nawasha televisheni, nagawa pedi, naamua ugomvi wa nani kafungwa kihalali na nani kachomolewa waya. Shule niliishia darasa la saba. Mwalimu wangu alikuwa anasema mdomo wangu unafaulu, tatizo ni kichwa kinakataa kufuatana nao. Mdomo huo ninao mpaka leo, ila siku hizi umehamia kwenye kidole gumba.

Nasema hivyo kwa sababu ya tabia yangu ya kuandika maoni. Ukipakua gemu kwenye simu, pale chini kuna sehemu ya kugawa nyota na kusema umeionaje. Watu wengi wanaandika "nzuri" au "inagoma kufunguka" wanapita zao. Mimi nilianza siku moja mvua inapiga bati, wateja hakuna, bando lipo. Nilikuwa nimecheza gemu ya kuendesha basi. Nikaandika: "Nimeendesha tangu asubuhi, hakuna abiria hata mmoja aliyeomba kushuka kuchimba dawa. Hakuna mama mwenye kuku. Trafiki kanisimamisha akanitakia safari njema. Aliyetengeneza hii hajawahi kupanda basi. Nyota mbili."

Kesho yake nakuta watu kibao wameipenda, wananiuliza gemu gani inafuata. Basi nikanogewa. Ya kilimo nikaiandikia: "Nimepanda mahindi, nimekwenda kunywa maji, narudi yamekomaa. Nimemwonyesha baba, kanyamaza mpaka jioni. Nyota tano, lakini mzee mmemuumiza." Ya maiti wanaofufuka: "Maiti wa humu wana mbio kuliko mimi niliyekula ugali. Nimekufa mpaka majirani wamechoka kuja matangani. Nyota moja." Ya mpira: "Nimefuta kioo cha simu nikidhani ni vumbi, kumbe refa ndiye haoni. Nyota tatu, moja ya pole."

Jina langu sikuliweka. Nilijibandika picha ya samaki, sato mnene kavaa miwani ya jua. Watu wakawa wanapiga picha maneno yangu wanarushiana kwenye magrupu. Wateja wangu wenyewe walikuwa wanakuja bandani wananisomea: "Umeona sato kasemaje leo?" Nami nacheka kama nasikia mara ya kwanza. Usiombe kuonja utamu wa kusifiwa huku umekaa hapohapo na hakuna anayekujua.

Halafu kuna kitu kilinidanganya. Ile gemu ya basi, baada ya mimi kuitukana, watu walikwenda kuipakua wajionee. Wengine waliandika kabisa, "nimeletwa na sato." Nikajiaminisha kwamba matusi yangu ni tangazo, kwamba nikikuponda vizuri nimekusaidia. Imani hiyo niliishika kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa inanifaa.

Sasa nije kwa binamu yangu.

Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa Buswelu na binti yake. Binti huyo ndiye binamu, na kwetu binamu ni mtani wako tangu mnazaliwa. Tukikutana hatusalimiani, tunatukanana. Mimi namwambia kichwa chake kama yale mawe ya ziwani, kikubwa na ndege wamekaa juu. Yeye ananiambia mdomo wangu ungekuwa injini ya mtumbwi, ungefika Ukerewe na kurudi bila mafuta. Kununa hakuna. Ukinuna umeshindwa.

Shangazi sasa, huyo ni habari nyingine. Shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Kwake natoa shikamoo kabla sijavua ndala, na nikikaa nakaa kama mtu aliyelelewa. Mama yule aliuza dagaa miaka mingi kwenye mwalo wa Igombe, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Likizo za shule ya msingi nilikuwa nashinda na kulala kwake, na dagaa nilizokula pale zikikusanywa zinajaza mtumbwi.

Binamu alisoma kompyuta chuoni. Alipomaliza, wenzake wakatafuta ajira, yeye akajifungia chumbani anatengeneza gemu. Tulimcheka sana. Siku moja akanipigia simu.

"We mdomo, gemu yangu imetoka."

"Imetoka wapi, imefukuzwa?"

"Ipakue, ucheze, halafu niandikie maoni mazuri. Mama yangu ameniambia nikiona watu hawaitaki nising'ang'anie. Ile kazi ya stationery kule mjini bado wananisubiri. Nikikosa wachezaji naifuta, naenda kutoa fotokopi. Kwa hiyo uandike vizuri, sawa? Si una maneno wewe."

Hakujua kama sato ni mimi. Nikaipakua palepale bandani, saa za asubuhi kabla watoto hawajatoka shule.

Nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Unakuwa mama mmoja wa mwaloni mwenye kitenge. Unaanika dagaa kwenye mchanga, jua linawaka, ziwa linameremeta pale nyuma. Korongo, yale mandege makubwa yenye upara yanayozurura mwaloni kama madalali, yanakuja kuiba, unayafukuza. Ghafla wingu linatokea ziwani na unatakiwa uzoe dagaa zote kabla mvua haijafika. Zikilowa, umekwisha.

Tatizo langu lilikuwa mwendo wa yule mama. Hatua moja ndefu, moja fupi, bega la kulia linashuka, linapanda. Kugeuka alikuwa anageuka taratibu. Nikajua hapo binamu kakosea mahesabu ya kompyuta. Nikakaa nikaandika:

"Mama wa humu anatembea kama meza iliyokatwa mguu mmoja. Wingu limetoka Uganda, limefika, limenyesha, limeaga, mama bado anageuka. Dagaa wamechoka kumsubiri, wamerudi ziwani kwa miguu. Humu anayejituma ni korongo peke yake. Nyota moja, apewe korongo."

Kabla sijabonyeza, kuna kitu kilinigusa. Nikajiuliza, mwendo huu nimeuona wapi? Kilipita kichwani kama mtu anayepita dirishani, unamwona bega tu. Ningetulia kidogo ningekumbuka. Sikutulia. Utani ulikuwa umeshafika kwenye kidole gumba, na utani ukishafika pale mimi huwa sina breki.

Nikasema moyoni, ni binamu, ni mtani, atacheka. Halafu nimemtangazia gemu. Nikabonyeza.

Maoni yale yaliwaka kuliko yote niliyowahi kuandika. Hadi jioni bandani watu walikuwa wanatukanana kwa maneno yangu. Mtu akifungwa magoli anaambiwa, "Nyota moja, apewe korongo." Muuza karanga wa pale nje akirudisha chenji taratibu, "Mama bado anageuka!" Mimi nacheka, napokea sifa za siri.

Ila watu hawakwenda kucheza gemu. Walikwenda kuendeleza mchezo wangu. Mtu anapakua, anapiga nyota moja, anaandika "ya korongo", anafuta, hata dagaa mmoja hajamwanika. Wakawa wanapanga foleni. Nyota za binamu zikashuka mpaka ukitafuta gemu yake unaonyeshwa kwanza nyingine zote ambazo hukuzitafuta.

Binamu akaja bandani. Nilimwona anavuka barabara nikaanza kuandaa tusi la kumpokea, lakini alipoingia hakunitukana. Akavuta kiti, akakaa, akanionyesha simu.

"Binamu, umemwona huyu mtu?"

Sato wangu ananiangalia kwa miwani yake.

"Nimemwona," nikasema.

"Nimemkosea nini mimi?"

"Si labda anatania tu."

"Ananitania ananijua? Anajua kwetu? Mtu hata jina hana." Akafuta jasho na mkono wa gauni. "Nisaidie kumjibu. Mimi nikiandika nalia, wewe una maneno makali. Mtukane mpaka avue miwani."

Nikachukua simu. Mimi, ambaye matusi hunijia kama nzi kwenye utumbo wa samaki, nikakaa nimeishika simu ile kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Nikaandika "Wewe sato", nikafuta. Nikaandika "Samaki asiye na aibu", nikafuta. Wateja wawili waliokuwa wanacheza mpira wakageuka.

"Leo bosi kaishiwa?" mmoja akasema.

"Mwambie nyota moja apewe korongo!" mwenzake akadakia, wakacheka mpaka pedi ikaanguka.

Binamu aliwaangalia. Alichukua simu yake mikononi mwangu taratibu, akaitia mkobani.

"Basi acha. Jumamosi naifuta. Njoo Buswelu, mama anataka uje kuiweka kwenye simu yake kabla haijaondoka, mimi nikimwekea nashindwa kuvumilia."

Pale ningesema. Nafasi ilikuwepo, imekaa wazi kabisa kama mlango wa duka. Nilichosema ni, "Poa, nitakuja."

Jumamosi asubuhi nikaenda. Nilipofika getini nikasikia ndani mtu anatembea kwenye sakafu ya sementi. Taa, ta. Taa, ta. Hatua moja ndefu, moja fupi.

Nilisimama palepale. Mwendo ule nilikuwa naujua kwa masikio kabla ya macho. Likizo zile za utotoni, nikiwa bado nimejifunika shuka, nikisikia taa, ta, ukumbini, najua uji uko njiani. Shangazi aliteleza juu ya mawe kule Igombe, kabeba karai la dagaa, anakimbiza mvua. Mguu ulipona kwa namna yake, ukapona mfupi. Mimi nimekuzwa na mwendo ule, halafu nimeuita meza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ingia, mbona umesimama kama mgeni? Dada yako kaenda dukani kufuata sukari."

Simu yake ilikuwa tayari ina gemu. Kumbe alimwomba mtoto wa jirani amwekee. Akarudi kukaa kwenye mkeka uani, miguu kanyoosha, akaendelea kucheza. Anacheza vibaya mno. Anafukuza korongo mwenyewe kwa mdomo, "Sss! Toka! Toka mwizi wewe!" kama vile simu inasikia.

"Njoo uone," akaniambia. "Umeona huyu? Ni mimi huyu. Angalia anavyotembea. Binti yangu alinifanya nitembee hapa uani, huku na huku, ananipiga video, nikawa namuuliza we mtoto una akili timamu? Kumbe alikuwa ananiingiza humu." Akacheka, akafunika mdomo na kitenge. "Mpaka bega. Mwone bega."

"Namwona shangazi."

"Sasa nisomee. Haya maandishi ya chini madogo, macho yangu hayafiki. Watu wanasemaje?"

Nikashika simu. Nikashuka chini kutafuta hata mmoja aliyeandika vizuri. Korongo. Korongo. Nyota ya korongo. Mama kageuka?

"Soma huyo wa juu," shangazi akasema. "Mwenye picha ya samaki. Naona ndiye kapendwa na wengi."

Ningeweza kumdanganya. Najua kutunga, ningetunga sifa pale papo kwa papo na asingejua. Lakini binamu alikuwa ameshaingia na sukari yake, kasimama mlangoni, na yeye maneno yale alikuwa ameyakariri. Basi nikasoma. Nilisoma yote, kuanzia meza mpaka korongo. Maneno yale bandani yalikuwa yanapasua watu mbavu. Pale uani yalikuwa yanatoka mdomoni mwangu yanaanguka kwenye mkeka, pu, pu, kama vitu vilivyooza.

Shangazi akavuta kitenge akafunika mguu wa kulia.

"Huyu samaki," akasema, "mimi aliniona wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa kutaka kujua kweli, kama mtu anayejaribu kukumbuka ni siku gani alipita mbele ya watu akachekwa na hakujua. Hapo ndipo niliposhindwa.

"Shangazi, huyo samaki ni mimi."

Binamu akaweka sukari chini.

"Wewe?"

"Nilikuwa nakutania wewe. Sikujua kama ni..."

"Mtani anakuja na sura yake!" Sauti yake ilipanda mpaka kuku wakahama. "Unanitukana hapa, nakutukana hapa, tunakula pamoja. Wewe umekuja na sura ya samaki! Nimekuletea simu mkononi unisaidie, ukakaa kimya, umeshika simu yangu unajifanya unafikiri!"

Ule mdomo wangu wa injini siku hiyo ulizima katikati ya ziwa.

Shangazi akainua mkono, binamu akanyamaza.

"Ninyi wawili mmezaliwa mtukanane, mtajuana wenyewe," akasema. "Alikurushia wewe jiwe, mimi nikawa napita katikati. Ila kwangu mimi hapana utani, mwanangu. Kwangu futa."

Nikafuta palepale mbele yake. Halafu akamgeukia binti yake.

"Na wewe, nasikia unataka kuifuta gemu nzima."

"Watu wanaicheka, mama."

"Wanamcheka nani, si mimi? Mimi nimekwambia nimechoka kuchekwa? Igombe sirudi tena kwa mguu huu. Lakini humu," akagonga kioo kwa kidole, "humu bado nawahi mvua. Ukiifuta unanipeleka wapi?"

Gemu haikufutwa. Hilo ndilo lililookoka siku ile, na halikuokolewa na mimi.

Mimi nilijaribu ya kwangu. Niliporudi nikaandika upya kwa akaunti ileile: "Mama wa humu anatembea vile kwa sababu ni shangazi yangu na ndivyo anavyotembea. Aliumia akikimbiza mvua. Mimi nimekula dagaa zake. Nilichoandika mwanzo kilikuwa upuuzi. Nyota tano." Unajua watu walifanya nini? Walicheka zaidi. "Sato kaja na kali nyingine!" "Eti shangazi yake ni meza!" Walidhani ni sehemu ya mchezo. Nimewazoesha mwenyewe kwamba nikifungua mdomo ni kicheko, siku nina neno la kweli hakuna wa kulipokea.

Nikamtoa sato. Nikaweka sura yangu, hii hii, isiyo na miwani. Bandani wakanishambulia wiki nzima, nikawaacha. Wachache walirudi wakabadilisha nyota zao. Wengi hata hawakumbuki kama waliweka. Mpaka leo nikipita Mkuyuni namsikia mtu nisiyemjua anamwambia mwenzake, "mama bado anageuka", wanacheka, wanaendelea na safari yao, na mimi najua ile sentensi ilitoka wapi na inamhusu nani.

Lakini adhabu yenyewe ilikuwa ya binamu. Alianza kuniheshimu. Nikimpigia simu anasema, "Habari za kazi kaka? Nyumbani wazima?" Kaka! Nilimwambia kichwa chake kimeongezeka mawe, akajibu, "Asante kaka, tunamshukuru Mungu." Kama hujawahi kuheshimiwa na mtani wako hujui maana ya kufukuzwa. Nilikuwa nakata simu nakaa nimeiangalia.

Ikawa hivyo mpaka ulipopita msimu wa mvua. Halafu siku moja simu ikaniambia gemu ya binamu imeboreshwa. Nikaifungua. Mama yupo, mwendo ni uleule, hajaugusa. Korongo wapo, wameongezeka. Na kati yao kuna mmoja mfupi, tumbo mbele, kavaa miwani ya jua. Huyo haibi haraka kama wenzake. Anasimama katikati ya dagaa, anafungua mdomo, anapiga kelele ndefu isiyo na maana, halafu ndiyo anakula. Ukimpiga jiwe, miwani inaanguka.

Nilicheka peke yangu bandani mpaka machozi. Nikampigia palepale.

"We kichwa jiwe, umenichora tumbo!"

"Nimekupunguzia," akasema. "Ningekuchora kamili ziwa lingefurika."

Ningetaka niishie hapo, maana hapo pazuri. Lakini Jumapili iliyofuata nilikwenda Buswelu, nikamkuta shangazi uani na simu yake. Sasa amekuwa mjuzi. Korongo wa kawaida anawachapa mawe bila huruma, mmoja baada ya mwingine, "Toka! Mwizi!" Akafika kwa yule mwenye miwani. Akampita.

"Shangazi, huyo hapo," nikamwambia. "Anakula. Mpige."

"Namwona."

"Anamaliza dagaa, shangazi."

"Muache ale," akasema, macho hajayatoa kwenye kioo. "Huyo ni wa nyumbani."

Wingu likatokea kule ziwani, yule mama akaanza kukimbilia dagaa zake, hatua ndefu, hatua fupi. Korongo wa miwani kasimama palepale katikati ya njia, anakula, na mama anamzunguka ili asimkanyage. Alikuwa anapoteza muda. Mvua ilimkuta bado fungu moja hajalizoa.

Nilitamani sana ampige lile jiwe.